Mafunzo ya siku moja ya afya ya kinywa na saratani ya mdomo kwa madaktari wa vituo vya afya: nini kiingie, nini kikatwe?

mratibu_pwani aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Naandaa mafunzo ya siku moja kwa madaktari na matabibu 24 wa vituo vya afya na hospitali za wilaya mkoani Tanga. Si watu wa meno hawa. Ni wale wa wagonjwa wa nje wanaopokea kila anayeingia: wa presha, wa kisukari, mjamzito, mtoto mwenye homa. Nataka watoke wakijua kukagua kinywa, na kumshtukia mgonjwa wa saratani kabla hajafika hatua ya kutoweza kumeza.

Rasimu niliyoikuta ina mihadhara minane: anatomia, aina za saratani, hatua za ugonjwa kwa mfumo wa TNM (ukubwa wa uvimbe, tezi na kusambaa), upasuaji, mionzi, takwimu za dunia, usafi wa meno, na "majadiliano". Hakuna hata nusu saa ya kugusa mdomo wa mtu. Nahofia watatoka na vyeti tu.

Naomba ushauri wa walio kwenye fani: nini kikatwe, nini kiingie, kila kitu kipewe muda gani, na vifaa gani ninunue kwa bajeti ya halmashauri. Mazingira yetu mnayajua: tambuu kwa akina mama na wazee, ugoro, sigara, pombe za kienyeji, na vijana wanaoficha kuber (tumbaku ya pakiti) nyuma ya mdomo wa chini.

---

gego_la_mwisho alijibu:

Mkuu, TNM futa. Upasuaji na mionzi futa pia. Hayo ni ya hospitali ya Muhimbili na taasisi ya saratani ya Ocean Road, na mgonjwa akifika huko atakuta watu wake. Daktari wa kituo cha afya ana kazi nne: aone, aguse, aandike tarehe, apeleke. Kama unataka wabaki na namba moja ya hatua za ugonjwa, wape hii: T1 ni uvimbe usiozidi sm 2 kwa upana na mm 5 kwa kina. Hicho ndicho tunachokitafuta. Ni kidogo, mara nyingi hakiumi, na mwenyewe anaweza asijue kama anacho.

Sasa ukaguzi wenyewe. Ukifundishwa vizuri ni dakika 3, na vifaa vyake ni hivi: tochi ya kichwani (ya simu inafaa kama kuna wa kuishika, maana mikono yote miwili ina kazi), vijiti viwili vya kukandamizia ulimi au vioo viwili vya meno, kipande cha gozi cha sm 10 kwa 10, glavu, na rula ya plastiki ya milimita. Bajeti yako haitatikisika.

Anza nje. Mtazame uso kwa mbele kama pande zake zinalingana. Kisha simama nyuma yake, ainamishe kichwa kidogo mbele, upapase tezi: chini ya kidevu, chini ya taya kushoto na kulia, ushuke na msuli wa shingo hadi juu ya mtulinga. Tezi ngumu, isiyouma, isiyochezacheza chini ya vidole haina mjadala, hiyo ni rufaa.

Meno ya bandia yatoke. Narudia: yatoke. Kidonda kingi cha kaakaa na cha fizi hujificha chini ya bandia, na mgonjwa kwa aibu hataitoa mwenyewe. Mpe kikombe na karatasi, geuka pembeni kidogo.

Halafu ndani, kwa mpangilio uleule kila siku ili usisahau sehemu. Midomo ikiwa imefungwa, kisha ikunjue ndani nje, wa juu na wa chini. Shavu la kulia lote mpaka kona ya nyuma ya gego la mwisho, shavu la kushoto vivyo hivyo. Fizi, upande wa shavu na upande wa ulimi. Ulimi utolewe nje, uone mgongo wake. Hapa ndipo gozi inapoingia: shika ncha ya ulimi kwa gozi, uvute taratibu kuelekea kulia huku kijiti kinasukuma shavu la kushoto, uone ubavu wa ulimi mpaka nyuma kabisa. Geuza upande wa pili. Kisha mwambie agusishe ncha ya ulimi kwenye kaakaa, uone chini ya ulimi na sakafu ya kinywa. Papasa sakafu hiyo kwa mikono miwili, kidole kimoja ndani na vidole vya mkono mwingine chini ya kidevu. Mwisho kichwa kilale nyuma: kaakaa gumu, kaakaa laini, kimio na tonsili, aseme "aaa".

Sehemu zinazorukwa na karibu kila anayejifunza ni tatu: ubavu wa ulimi upande wa nyuma, sakafu ya kinywa, na nyuma ya gego la mwisho. Mbili za kwanza ni maskani ya saratani ya ulimi na ya sakafu. Tabibu akisema "mwambie atoe ulimi" kisha akaandika "kinywa ni kizima", hajakagua.

Na kugusa si mapambo. Kidonda cha kawaida ukikibonyeza pembeni ni laini kama mdomo wako. Cha saratani kina ukingo mgumu kama ncha ya pua. Waambie wajishike mdomo, kisha pua, hapohapo darasani, hawatasahau. Ukingo mgumu unatangulia maumivu kwa muda mrefu, kwa hiyo kuuliza "inauma?" na kujiridhisha na "hapana" ni kosa linalogharimu.

Ratiba ningeipanga hivi. Dakika 40 za maelezo, basi. Dakika 75 za kukaguana wawili wawili, mkufunzi mmoja kwa washiriki wasiozidi 6, kwa hiyo kwa watu wako 24 tafuta wakufunzi 4. Saa moja ya picha. Saa moja na nusu kwenye kliniki ya meno na wagonjwa halisi walioridhia. Muda unaobaki ni wa kuandika barua ya rufaa na kuzungumza na mgonjwa. Takwimu za dunia ziwe sentensi moja: mwaka 2022 walikadiriwa wagonjwa wapya karibu 390,000 wa saratani ya mdomo na kinywa, na vifo zaidi ya 188,000. Wakishasikia hivyo wape glavu.

---

daktari_wa_kaya alijibu:

Salaam kutoka Mombasa. Nakubaliana na gego karibu yote. Naongeza swali ambalo washiriki watakuuliza kabla ya chai: "Nimkague kila mtu?"

Jibu la kweli ni hapana, na lina ushahidi nyuma yake. Utafiti mkubwa kabisa wa jambo hili ulifanyika Trivandrum, Kerala, India, na matokeo yake yalitoka 2005. Wakaguzi hawakuwa madaktari. Ni watu waliofundishwa kuangalia kinywa kwa macho, wakapita kwa watu wa miaka 35 na zaidi, kila baada ya miaka 3. Kwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34. Kwa watu wote kwa ujumla tofauti haikuwa ya kutegemewa. Na mwaka 2013 jopo la kinga la Marekani liliona ushahidi hautoshi kupendekeza kuwakagua watu wazima wasio na dalili. Kwa hiyo daktari wa kituo mwenye foleni ya watu 60 asibebeshwe mzigo wa kukagua midomo 60. Amkague anayetafuna, anayevuta, anayekunywa, mwenye VVU, mwenye ualbino (mdomo wa chini hasa), na yeyote mwenye lalamiko lolote la kinywa, koo au shingo. Kliniki ya presha na kisukari ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu watu ni walewale na wanarudi.

Lakini utamjuaje anayetafuna? Hapa mafunzo mengi yanateleza. Fomu inauliza "Unavuta sigara?" Mama wa miaka 55 anajibu hapana, na amesema kweli, huku shavuni ana tambuu. Wafundishe swali hili: "Kuna kitu chochote unachotafuna, unachonusa au unachokiweka mdomoni?" Halafu: unakiweka upande gani? Mara ngapi kwa siku? Unalala nacho? Upande anaoutaja ndio wa kukaguliwa kwanza na kwa makini zaidi, kwa sababu baka hutokea pale pale bonge linapokaa. Mtu wa kuber au ugoro, kunjua mdomo wa chini.

Wengine watakuambia tambuu yao haina tumbaku. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka popoo lenyewe, hata bila tumbaku, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Chokaa inaongeza ukali: inapandisha alikali mdomoni, inachubua utando na kurahisisha sumu ya popoo na ya tumbaku kupenya. Magadi kwenye ugoro yana kazi hiyohiyo. Maelezo haya mtu wa pwani anayaelewa haraka kuliko hotuba ya "acha tumbaku", kwa sababu chokaa kuwasha anakujua.

Kuhusu muda wa kidonda, mwongozo wa 2015 wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, unatumia wiki 3 kwa kidonda kisichoelezeka, kwingine wanatumia wiki 2. Chagua 2, kwa sababu huku hadi apate nauli na nafasi zitakuwa zimefika 4. La muhimu kuliko namba ni saa inaanza kuhesabiwa lini. Inahesabiwa tangu kidonda kilipoanza, si tangu mgonjwa alipofika kwako. Kosa tunaloliona kwenye mafaili ni hili: ziara ya kwanza amoksilini, "rudi baada ya wiki mbili", anarudi anamkuta tabibu mwingine, anapewa metronidazo, "rudi baada ya wiki mbili", wa tatu anampa dawa ya fangasi. Kila mmoja amefuata kanuni ya wiki mbili, na zaidi ya mwezi umekwenda. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye daftari: kidonda kiko wapi, kina mm ngapi kwa ngapi, kilianza lini, na tarehe ya mwisho ya kusubiri. Mwenye kuja na kidonda cha mwezi hana wiki mbili za kusubiri, anaondoka na barua siku hiyohiyo.

---

tabibu_meno alijibu:

Wakubwa wamemaliza upande wa saratani. Mimi naomba wasisahau jino linalotikisika.

Mgonjwa anafika na jino moja au mawili yanacheza, fizi imevimba, anasema "niondolee." Kwa mtu wa makamo mwenye meno mengine imara, jino moja kucheza bila mawe ya meno wala ugonjwa wa fizi kwingine lazima likushtue. Ukiling'oa na chini kuna saratani ya fizi, shimo halifungi, nyama inachipua kutoka shimoni, na mpaka wa uvimbe unavurugika kwa atakayempasua. Tabibu wa kawaida hang'oi, lakini ndiye anayeandika "kwa ajili ya kung'oa jino" kwenye kadi. Aandike "jino linacheza, sababu haijulikani, naomba uchunguzi." Vivyo hivyo shimo la jino lililong'olewa ambalo halijapona baada ya wiki 3 au 4: lisioshwe tu na kurudishwa nyumbani.

Jino lenye ncha kali linalochubua ulimi: lisawazishwe, subiri siku 14, kidonda kikague tena. Kikibaki, jino halikuwa na kosa.

Mengine ya kinywa wanayopaswa kuondoka nayo, kwa ufupi:

Utando mweupe. Upanguse kwa gozi. Ukitoka na kuacha wekundu ni fangasi. Mpe dawa, mpime VVU na sukari, na ukumbuke wanaotumia dawa za pumu za kuvuta bila kusukutua. Usipotoka, mara nyingi si fangasi, na kuendelea kumpa nistatini ni kupoteza muda. Baka jekundu kama mahameli, au jekundu lenye vidoa vyeupe, ni la kuogopa kuliko jeupe. Hilo lipelekwe hata kama limeanza jana.

Mtafuna popoo anayelalamika pilipili inamchoma na mdomo haufunguki vizuri: utando wa shavu umeanza kukakamaa. Mweke vidole vyake mwenyewe vitatu kati ya meno ya mbele, kisha pima kwa rula. Chini ya mm 35 andika na peleka. Asilazimishwe kufungua. Hali hii hairudi kuwa kama zamani hata akiacha, na utando huo unaweza kugeuka saratani, kwa hiyo ni mtu wa kufuatiliwa maisha.

Maumivu ya jino bila uvimbe wala homa hayahitaji antibiotiki. Mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala ujauzito: parasetamo g 1 pamoja na ibuprofeni mg 400, kisha kliniki ya meno. Lakini sakafu ya kinywa ikiinuka, ulimi ukasukumwa juu, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza, sauti imebadilika: huyo ni wa gari la wagonjwa sasa hivi, amekaa wima, na mstari wa dripu uwe tayari. Asilazwe chali.

Fizi zilizovimba kwa mgonjwa wa kifafa au wa presha, angalia kadi: fenitoini na nifedipini hufanya hivyo. Fizi zinazotoka damu kwa mwenye kisukari, huenda sukari yake haiko sawa. Mjamzito anaweza kutibiwa meno, asirudishwe nyumbani mpaka ajifungue.

Ualbino: mdomo wa chini uliokauka, kupauka na kupoteza mpaka wake na ngozi, wenye gaga lisilopona. Kofia pana na losheni ya jua mpaka midomoni. Losheni ya Kilisun inatengenezwa hospitali ya KCMC Moshi, uliza kama wilaya yako inapata mgao.

---

mratibu_pwani:

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mawili yamebaki. Moja: hospitali za wilaya wanataka wafundishwe kukata kinyama cha kupima, wanasema mgonjwa anasafiri mpaka hospitali ya mkoa ya Bombo au Dar kwa kitu cha dakika kumi. Pili: picha za simu. Wengi wanatuma WhatsApp kwa rafiki daktari. Niwakataze au niwafundishe?

---

mwanahistolojia alijibu:

Kukata kinyama: kwenye kituo cha afya hapana. Kwenye hospitali ya wilaya yenye daktari wa kinywa na meno, ndiyo, kwa masharti. Mafunzo ya siku moja hayatoshi kumpa mtu kisu. Yanatosha kumweleza asivunje kile ambacho mwenzake atakifanya.

Sababu ya ukali huu ni vinyama tunavyopokea. Tatizo kubwa ni kukata katikati ya kidonda, panapoonekana pabaya zaidi. Pale katikati pana nyama iliyokufa na usaha, kwenye darubini tunaona dalili za maambukizi ya kawaida tu na jibu linatoka "hakuna saratani iliyoonekana." Mgonjwa anarudi nyumbani amefurahi. Kinyama kichukuliwe ukingoni, kibebe sehemu mbovu na ukanda mdogo wa nyama nzima jirani yake, na kina kifike chini ya utando. Ukubwa wa angalau mm 5. Kama baka lina sehemu nyeupe na sehemu nyekundu, kata kwenye nyekundu. Usikitoe kidonda chote kwa nia ya kumsaidia: ukikitoa chote bila kujua mipaka, daktari wa upasuaji hataona tena palipokuwa na ugonjwa.

Sindano ya ganzi isipigwe ndani ya kidonda, ipigwe pembeni. Usikibane kinyama na koleo la meno makali, kikipondwa hakisomeki.

Kiingie kwenye formalini asilimia 10 iliyosawazishwa, mara moja, si baada ya zamu kuisha. Kiasi cha formalini kiwe mara 10 hadi 20 ya ukubwa wa kinyama. Si maji ya chumvi, si spiriti, si chombo cha mdomo mwembamba ambacho kinyama kitaingia laini na kutoka kikiwa kigumu. Jina liandikwe kwenye mwili wa chombo, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana mezani. Kwenye fomu: umri, sehemu kamili (ubavu wa ulimi kushoto, siyo "mdomoni"), ukubwa, muda, anachotafuna, na alishapewa dawa gani.

Na hili liwe kwenye ukuta wa darasa: jibu la maabara lisilolingana na ulichokiona kwa macho na vidole halifungi faili. Ukingo mgumu ukibaki, kinyama kirudiwe.

---

gego_la_mwisho alijibu:

Picha usizikataze, watazituma hata hivyo. Wafundishe.

Ridhaa kwanza, na iandikwe kwenye faili. Picha iwe ya kinywa, si ya uso. Jina la mgonjwa lisiwe kwenye ujumbe, tumia namba ya faili. Kundi la WhatsApp la watu mia mbili si mahali pake. Atumiwe mtu mmoja aliyepangwa, na baadaye picha ifutwe kwenye simu. Kausha mate kwa gozi, kwa sababu mate yanarudisha mwanga na kila kitu kinaonekana cheupe. Mwanga utoke kwenye tochi ya pembeni, si mmuliko wa kamera. Usikuze picha kwa zoom ya simu, sogeza simu yenyewe. Rula iwe kando ya kidonda. Picha tatu: ya mbali inayoonyesha meno ili ijulikane ni sehemu gani, ya karibu, na ya sehemu ileile upande wa pili wenye afya kwa kulinganisha. Ile ya tatu hakuna anayeikumbuka, nayo ndiyo inayomaliza ubishi.

Picha isichukue nafasi ya rufaa. Ugumu wa ukingo hauonekani kwenye kioo cha simu, kwa hiyo ujumbe wa "haionekani mbaya" hauna thamani kama aliyetuma hajagusa.

Barua ya rufaa iwe na neno "NASHUKU SARATANI YA KINYWA" juu kabisa. Madaktari wengi wanaona haya kuliandika, wanaandika "kidonda sugu", na mgonjwa anawekwa kwenye foleni ya kawaida. Lakini na mgonjwa aambiwe, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Kidonda hiki kimekaa muda mrefu kuliko kawaida. Kinaweza kuwa kitu kidogo, kinaweza kuwa saratani. Kikiwahiwa kinatibika. Tarehe fulani uwe umefika." Asiyeambiwa huishia kwa mganga. Chukua namba mbili za simu, yake na ya ndugu, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe jina la kufuatilia.

---

daktari_wa_watoto alijibu:

Natupa machache ya watoto, kwa sababu hao matabibu 24 wanaona watoto kuliko wazee.

Taya linalovimba haraka kwa mtoto wa miaka 4 hadi 8, meno yanacheza, jicho linaanza kusukumwa: fikiria limfoma ya Burkitt, hasa maeneo ya malaria nyingi. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Haungojwi wiki mbili, na jino haling'olewi.

Fizi zenye vidonda, harufu kali na damu kwa mtoto mdogo mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua surua: hapo noma inaweza kuwa inaanza, na WHO iliiingiza kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele Desemba 2023. Ikishikwa kwenye hatua ya fizi, amoksilini na metronidazo kwa uzito wake, kusafisha kinywa, maji na chakula vinaizuia. Ikifika shavu kuwa jeusi mtoto anaweza kufa kwa siku chache, na anayepona hubaki na shimo usoni. Kila mtoto mwenye utapiamlo ainuliwe mdomo wa juu na wa chini. Sekunde kumi.

Tena kuna "meno ya nailoni". Mama akisema mtoto anaharisha kwa sababu ya meno ya plastiki, tabibu asicheke wala asikubali. Ile weupe anayoiona ni chipukizi la jino la chonge, na kulichimbua kunaleta damu nyingi, maambukizi na jino la ukubwani lililoharibika. Mtibu kuhara kwa ORS na zinki mbele yake. Kukata kimio vilevile, asicheke wala asikubali.

---

daktari_wa_kaya alijibu:

Kwa mratibu, kuhusu kupima kama mafunzo yamefanya kazi, maana mfadhili atauliza.

Fomu ya "unajiamini kiasi gani sasa, 1 hadi 5" itakupa alama nzuri na haitakuambia kitu. Tumia picha 20 kabla na baada, zilezile kwa mpangilio tofauti. Kumi ziwe za kushuku. Kumi ziwe za kawaida zinazotisha wasiozijua: nundu ya mfupa katikati ya kaakaa, vidoa vya njano vya mafuta shavuni, ulimi wenye ramani, vichuguu vikubwa vya nyuma ya ulimi, mstari mweupe wa kung'ata shavuni. Na weusi wa fizi. Kwa Waafrika weusi wa fizi unaolingana kushoto na kulia ni rangi ya mtu. Doa moja jeusi la upande mmoja, linalokua au lililoinuka, ndilo la rufaa, na kwa mwenye VVU doa la zambarau kwenye kaakaa ni la kufikiria saratani ya Kaposi. Usipoweka hizi kumi, utazalisha madaktari wanaopeleka kila kinywa, na kliniki ya meno itakuchukia ndani ya mwezi.

Baada ya hapo angalia daftari mwezi wa 3 na wa 6: kati ya wagonjwa wanaotafuna au kuvuta, wangapi wameandikiwa matokeo ya ukaguzi wa kinywa, kati ya rufaa, wangapi walifika, siku ngapi zilipita kutoka barua hadi kinyama kukatwa. Usiahidi kwamba mwaka wa kwanza wagonjwa watapatikana hatua za mwanzo. Mara nyingi mwanzoni utaona kinyume, kwa sababu waliokuwa wamejificha nyumbani na vidonda vya mwaka mzima ndio watakaoibuliwa kwanza. Liandike hilo kwenye andiko la mradi mapema, lisije likasomwa kuwa ni kushindwa.

Na kabla ya tarehe ya mafunzo piga simu kliniki ya meno ya wilaya na Bombo, ukubaliane nao siku maalumu ya wiki ya kupokea rufaa hizi, jina la mpokeaji na namba yake. Iandike ubaoni siku hiyo, kila mshiriki aihifadhi kwenye simu kabla hajaondoka ukumbini.